Ngoma Isiyochoka

Wazee wetu walisema kwamba ngoma ikivuma sana hupasuka. Kwa kawaida twaitumia methali hii kumwonya mtu mwenye majivuno. Lakini juma hili twapenda wasomaji wetu waiangalie kwa maana yake ya wazi kabisa, maana ya ngozi na mti. Ngoma ya zamani ilikuwa na mpaka ndani yake yenyewe. Ikipigwa kupita kiasi, ngozi ilichanika. Na kabla ngozi haijachanika, mkono wa mpigaji ulichoka. Tena umande wa usiku uliilegeza ngozi, ikabidi ipelekwe motoni ipate kukazwa. Hapo wachezaji walikaa chini, wakanywa maji, wakazungumza. Mtoto mchanga akapata usingizi, na jirani mgonjwa akapumua. Hakuna serikali iliyotunga sheria ya mapumziko hayo. Yaliwekwa na maumbile ya mkono na ngozi.

Ngoma ya siku hizi haichoki wala haipasuki. Yatosha kijana mmoja abonyeze kitufe, nayo masanduku ya spika yatanguruma tangu jioni hata alfajiri, yeye mwenyewe akiwa amesinzia kitini. Mpaka uliokuwa mkononi mwa mpigaji umeondoka. Je, ni nani aliyeweka mpaka mwingine mahali pake? Hilo ndilo swali letu, nasi twaliona kuwa ni swali la dhamiri kabla halijawa swali la daktari au la polisi.

Chombo chenyewe si kibaya

Kipaza sauti hakina umri mkubwa. Tarehe 24 Desemba 1915, mbele ya jengo la baraza la mji wa San Francisco huko Marekani, umati mkubwa wa watu ulisikia nyimbo na hotuba kwa mitambo ya mafundi wawili, Peter Jensen na Edwin Pridham. Tangu zama hizo sauti ya mtu mmoja imeweza kuwafikia maelfu. Kwa chombo hicho mwalimu amewafundisha wengi, kiongozi amewahutubia raia wake, na mwimbaji mwenye koo dogo amesikika hata safu ya mwisho ya ukumbi. Hayo ni mema, nasi hatuna nia ya kuyakana.

Wala asidhani mtu kwamba twauchukia muziki. Mkoa wa Morogoro, ambao tutautolea mfano hapa chini, una sifa kubwa katika jambo hilo. Huko ndiko Salum Abdallah alikoiongoza Cuban Marimba mpaka alipofariki mwaka 1965, na huko ndiko Mbaraka Mwinshehe alikojipatia jina akiwa na Morogoro Jazz, kabla ya kufa kwa ajali ya gari mwaka 1979. Bendi hizo zilikuwa na magitaa ya umeme na vipaza sauti, nao wazazi wetu walicheza, wakafurahi, wakarudi makwao. Walakini hata bendi ilikuwa ni watu. Mwimbaji alikaukwa na koo, mpiga tarumbeta aliishiwa na pumzi, na wote walihitaji kula na kulala. Bado kulikuwa na mwili wa mwanadamu uliosema: sasa basi.

Usiku mmoja bondeni

Tuchukue mfano wa Lumuma, katika wilaya ya Kilosa, kuelekea mpaka wa Mpwapwa. Ni bonde lenye milima pande zake, lenye maji ya mto na mifereji ya kumwagilia, na vitunguu vyake vyajulikana mbali. Mwenye kulima vitunguu ajua taabu yake: kuotesha mbegu kitaluni, kuhamisha miche mmoja mmoja, kumwagilia, kupalilia kwa mkono, kung'oa, kukausha, kujaza magunia. Mwisho wa taabu hiyo huja fedha, na penye fedha hufika wageni: wanunuzi, wapakiaji, madereva wa malori, na watu wanaotafuta riziki kwa kuuza vinywaji na starehe. Si ajabu. Tangu zamani penye mavuno pana sherehe, na aliyeinama shambani miezi mingi ana haki ya kunyoosha mgongo na kucheza.

Basi tuwaze usiku wa Jumamosi katika bonde kama hilo, wakati wa mavuno. Mwenye baa amekodi mitambo mikubwa na kuitega barazani, midomo ya spika ikielekea barabarani ili wapita njia wavutwe. Ng'ambo ya barabara mwenye baa wa pili amesikia, naye amefungulia yake zaidi ili asishindwe. Usiku wa kijijini ni kimya. Hakuna magari mengi ya kuifunika sauti hiyo. Yaenda mpaka mlimani, yagonga, yarudi. Sauti nyembamba huzuiwa na ukuta na miti, lakini zile nzito, ambazo vijana huziita besi, hupenya ukuta wa tofali na wa udongo. Aliye kitandani hasikii wimbo wala maneno. Asikia kishindo tu, kama mtu apigaye ukuta kwa ngumi usiku kucha.

Ni nani walio kitandani? Yupo bibi mwenye shinikizo la damu. Yupo mama aliyejifungua juzi. Yupo mtoto wa darasa la saba ambaye mtihani wake u karibu. Yupo baba ambaye zamu yake ya maji kwenye mfereji yaanza alfajiri, na akichelewa yampita. Mtu wa mjini pengine atasema: nitahama mtaa. Mkulima hahami. Shamba lake liko palepale, na kaburi la baba yake pia.

Nao walio ndani ya ukumbi? Hao wanacheka na kucheza, na kwa macho hakuna aliyeumia. Hapo ndipo penye hatari kubwa, kwa sababu jeraha la sauti halitoki damu.

Sikio ni kitu gani

Muumba alilipa jicho kope, na mdomo akaupa midomo ya kuufunga. Sikio hakulipa mlango. Lakesha hata sisi tukiwa tumelala, na ndiyo maana mama humsikia mwanawe anapolia usiku wa manane. Ndani ya kichwa, nyuma ya kiwambo cha sikio na vijifupa vitatu, mna mfereji mdogo uliojikunja kama kombe la konokono. Humo zimo chembe hai zenye vinyweleo visivyoonekana kwa macho. Mtu huzaliwa na chembe kama 15,000 katika kila sikio. Sauti ikiingia, vinyweleo hivyo huinama na kuinuka kama mpunga unaopigwa na upepo, na mwinamo huo ndio unaopeleka habari katika ubongo.

Upepo mdogo haudhuru mpunga. Dhoruba huulaza. Mtu akitoka ukumbini na kusikia masikio yamezibika, au kusikia mlio mwembamba kama wa nyenje kichwani, ajue kwamba mpunga wake umelazwa. Mara nyingi huinuka baada ya saa kadhaa au siku moja mbili, naye husema: nimepona. Lakini ukilazwa tena na tena, baadhi ya mashina huvunjika na kufa. Na hapa pana jambo la kutufikirisha. Katika miaka ya 1980 wataalamu waligundua kwamba kuku akiharibikiwa na chembe hizo, humwotea mpya. Mwanadamu hamwotei. Kuku wa uani kwetu ana hazina ya akiba ambayo sisi hatunayo. Chembe iliyokufa katika sikio la kijana wa miaka 17 imekufa mpaka siku ya kuzikwa kwake.

Tena hasara hiyo haianzi kama watu wanavyodhani. Kijana hawi kiziwi siku moja. Zinazotangulia kupotea ni sauti nyembamba, zile za herufi kama s, t, f na k. Anasikia kwamba mtu anasema, ila hatambui asemalo. Mwalimu akisema "kisu" yeye asikia "kitu". Tuseme kijana huyo amekuwa mtu mzima, anauza vitunguu vyake, na mnunuzi juu ya lori, kelele za soko zikiwa zimemzunguka, ataja bei ya gunia. Je, amesema elfu sitini au elfu tisini? Tofauti ya maneno hayo mawili ni kupishana kwa s na t tu. Mwenye masikio mazima hujua. Yule mwingine hutabasamu, huitikia kwa kichwa, na baadaye huona haya kuuliza. Baada ya miaka watu husema: mzee yule ana kiburi, ukimsalimu haitiki. Hana kiburi. Hakusikia.

Kiasi gani ni kikubwa mno?

Nguvu ya sauti hupimwa kwa kipimo kiitwacho desibeli. Mazungumzo ya kawaida ni kama desibeli 60. Wataalamu wa afya kazini hufuata kanuni kwamba mtu asikae katika desibeli 85 zaidi ya saa 8 kwa siku. Na desibeli hazihesabiwi kama magunia. Kila zikiongezeka 3, nguvu ya sauti huwa mara mbili, na muda ulio salama hupungua nusu. Katika desibeli 88 ni saa 4. Katika 91 ni saa 2. Katika 94 ni saa 1. Katika 97 ni nusu saa. Katika desibeli 100, ambazo si kitu kigeni mbele ya spika kubwa, ni robo saa tu.

Mwenye akili na ahesabu. Kijana akikaa saa 6 katika desibeli 100, ametumia kiasi cha siku 24 katika usiku mmoja. Na mchezeshaji wa muziki, anayekaa hapo kila mwisho wa juma? Na binti anayehudumu vinywaji, anayepita mbele ya spika mara mia kwa usiku, mwezi hata mwezi, kwa sababu ana mtoto wa kulisha? Yeye hakuja kucheza. Kwake ukumbi ni shamba, na ameajiriwa bila mtu kumwambia kwamba sehemu ya mshahara anailipa kwa masikio yake.

Shirika la Afya Duniani limesema kwamba vijana zaidi ya bilioni 1 duniani wamo katika hatari ya kupoteza usikivu kwa sababu ya jinsi wanavyosikiliza muziki, na mwaka 2022 lilitoa kanuni kwa kumbi na matamasha. Kanuni hizo zataka sauti isizidi wastani wa desibeli 100 kwa muda wa dakika 15. Ipimwe wakati wote. Mitambo ipangwe vizuri. Wahudhuriaji wapewe vizibo vya masikio. Pawepo mahali patulivu pa kupumzikia. Na wafanyakazi waelimishwe. Hapa kwetu matibabu ya uziwi yamesonga mbele. Tangu mwaka 2017 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili imekuwa ikipandikiza vifaa vya usikivu kwa watoto. Twashukuru. Lakini upasuaji huo ni wa gharama kubwa, na kutoka Lumuma hadi Muhimbili ni safari. Kinga ni kuzungusha kitufe kidogo tu, na haina nauli.

Pengine mtu atasema

Pengine mtu atasema: masikio ni yangu, fedha ni yangu, nimeingia ukumbini kwa hiari yangu, nani anizuie? Neno hili latakiwa kujibiwa kwa heshima, maana uhuru ni kitu kitukufu. Kwanza twauliza: je, hiari ya mtu asiyejua ni hiari kweli? Anayenunua sumu akidhani ni asali hakuchagua sumu. Vijana wengi hawajaambiwa habari za chembe zisizoota tena. Pili, hata mwenye kujua, mwili wake si mali aliyoinunua sokoni. Ni amana. Masikio ya baba ni ya mwanawe pia, anayetaka kusikilizwa miaka 30 ijayo. Masikio ya mke ni ya mumewe katika uzee wao. Kujiharibu ni kuwanyang'anya watu ambao pengine bado hawajazaliwa.

Lakini tukubali, kwa ajili ya hoja, kwamba mtu ana haki ya kujidhuru. Je, ana haki ya kumdhuru aliye nje ya ukuta? Katika desturi zetu hakuna aingiaye nyumba ya mtu bila kupiga hodi. Hata ndugu wa tumbo moja hupiga hodi. Akiambiwa karibu, ndipo aingie. Asipojibiwa, hugeuka akarudi zake. Basi sauti ya spika haipigi hodi. Yaingia chumbani kwa mume na mke, yaingia penye kitanda cha mgonjwa, yaingia penye daftari la mwanafunzi, wala haitoki ikiambiwa toka. Mtu akilewa kwake, jirani halewi. Mtu akila mno, jirani havimbiwi. Lakini afunguaye sauti kupita kiasi amewalazimisha watu mia kula sahani aliyoiagiza peke yake. Kwa hiyo jambo hili haliwezi kuitwa jambo la mtu binafsi, hata lipambwe kwa neno uhuru namna gani.

Mwingine atasema: ninyi wa mjini na wa magazeti mna starehe zenu, maskini wa kijijini ana Jumamosi yake moja tu, nanyi mwataka kuizima. Hoja hii yatugusa, nasi hatutaki kuikwepa. Ni kweli kwamba karipio la kelele mara nyingi humwangukia mnyonge, na kwamba wapo wenye madaraka wasiopenda kuona maskini akifurahi. Lakini tuangalie vizuri ni nani anayeumia. Tajiri aweza kujenga ukuta mnene, kufunga madirisha ya vioo, au kuhamia mlimani. Anayelala ukuta mmoja na baa ni maskini. Anayehudumu ndani yake ni binti wa maskini. Mtoto anayechezea mbele ya spika usiku ni mtoto wa maskini, ambaye mama yake hana wa kumwachia. Kumtetea jirani asilazwe macho ni kumtetea maskini kwa maskini mwenziwe. Tena hakuna asemaye muziki uzimwe. Twasema upunguzwe, nao wachezaji watacheza vilevile. Katika desibeli 90 mtu hucheza, na juu ya hayo huweza kumwambia mwenzake neno na kusikilizwa.

Wa tatu ni mwenye biashara, naye husema: nikipunguza, wateja watakwenda kwa mwenzangu. Huyu anasema kweli, na peke yake hawezi. Mashindano ya spika ni kama watu walioketi kutazama mchezo: mmoja akisimama apate kuona, wa nyuma yake naye husimama, mwisho wote wamesimama na hakuna aonaye vizuri kuliko mwanzo. Dawa ya hali hiyo ni mapatano ya wote pamoja, na mapatano yanayomfunga kila mtu ndiyo tuyaitayo sheria.

Sheria ipo

Nchi yetu haikukosa sheria. Ipo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na chini yake zilitungwa kanuni za viwango vya kelele na mitetemo mwaka 2015. Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, lina mamlaka ya kuzisimamia, na mwaka 2023 lilizifunga baa na kumbi nyingi katika miji mikubwa kwa sababu ya kelele. Wenzetu wa Kenya walitunga kanuni zao mwaka 2009, na mwishoni mwa mwaka 2022 serikali ya kaunti ya Nairobi ilitangaza kuzuia kumbi za usiku katika maeneo ya makazi.

Twaheshimu juhudi hizo. Hata hivyo yafaa tujiulize maafisa wa NEMC watafika lini katika kila bonde la nchi hii wakiwa na kipimo mkononi. Sheria ya mbali humkuta mkosaji mara moja. Jirani humkuta kila siku. Na kufunga baa nzima kwa kosa la sauti ni kama kukata mguu kwa kidonda ambacho kingaliweza kuoshwa mapema. Wafanyakazi hupoteza riziki, mwenye mali huweka kinyongo, na baada ya faini kelele hurudi. Yafaa kanuni ianzie chini, katika mkutano wa kijiji, ambapo mwenye baa na bibi mwenye shinikizo la damu huketi katika benchi moja.

Boriti la nyumbani kwetu

Kabla hatujawanyoshea kidole wenye baa, tutazame uani kwetu. Tusiseme kwamba makelele ni ya walevi peke yao. Zipo harusi zetu, tulizozibariki wenyewe asubuhi, ambazo usiku wake hakuna tofauti na ukumbi wowote. Yapo mahubiri ya hadhara yanayopazwa mpaka usiku wa manane. Vipo vigango ambavyo vimenunua mitambo ya kutosha uwanja wa mpira na kuifunga katika nyumba ya watu 200, hata kinanda na waimbaji huwaumiza wazee walioketi mbele. Mgonjwa aliyenyimwa usingizi hapati nafuu kwa sababu wimbo uliomnyima ulikuwa wa dini. Sikio halibagui. Chembe zilezile hufa kwa desibeli zilezile. Ikiwa tunataka mwenye baa atusikilize, sharti atuone sisi tumepunguza kwanza.

Nasi wazazi tuna jambo letu. Kila penye harusi au tamasha, mahali penye watoto wengi kuliko pote ni mbele ya spika, hatua moja au mbili tu. Hukaa pale kwa sababu kishindo huwafurahisha vifuani, na sisi twawapiga picha. Nao kina mama husogea wakiwa na watoto wachanga mgongoni, sikio la mtoto likiwa wazi. Mtoto huyo hawezi kusema kwamba aumia. Hulia, nasi twadhani ana njaa. Au hulala, nasi twadhani amezoea. Sikio halizoei. Huchoka tu.

Lifanyike nini?

Mambo ya kufanya si mengi wala hayana gharama. Sauti mahali pa wazi hupungua haraka kwa umbali: kila umbali ukizidishwa mara mbili, hushuka karibu desibeli 6. Kamba moja iliyofungwa hatua kadhaa mbele ya spika, ili watoto wasiivuke, yaokoa masikio mengi kuliko hotuba. Spika ziinuliwe juu ya vichwa, zielekezwe ndani kwa wachezaji, zisielekezwe kwenye nyumba, shule wala zahanati. Muziki upumzike kila baada ya muda, kama ngoma ilivyopumzika ikikazwa motoni. Wahudumu wapishane zamu. Mwenye kazi hiyo atafute vizibo vya sponji; pamba ya kawaida haimkingi mtu vya kutosha. Na ipo alama rahisi ya kupimia pasipo chombo: ukilazimika kupiga kelele ili mtu aliye hatua moja mbele yako akusikie, sauti hiyo imezidi. Ukitoka na masikio yanalia, umeonywa.

Saa ya kumaliza ipangwe na kijiji, itangazwe, ifuatwe na wote, baa kwa kanisa, harusi kwa mkutano. Na anayetaka kuvuka saa hiyo kwa sababu maalumu, awapigie hodi majirani mchana, awaombe. Majirani wengi wakiombwa hukubali. Kinachowaudhi zaidi ya kelele ni kule kufanywa kana kwamba hawapo.

Wapo watakaosema kwamba twaota, kwamba mwenye kutafuta fedha hapunguzi sauti kwa ajili ya jirani. Kwao tuna jibu moja, na kila msomaji amelishuhudia. Kijijini kukitokea msiba, muziki huzimwa. Hakuna askari aliyekuja, hakuna barua ya mtendaji, wala hakuna aliyetishiwa faini. Mwenye baa mwenyewe huinuka, husogea penye mitambo, hunyosha mkono, naye huzima. Na mwenziwe wa ng'ambo ya barabara huzima pia, hata mashindano yao huisha mara moja. Usiku ule bonde lote hunyamaza, na watu husikia tena mto.

Basi mkono ule waweza. Mpaka tuliodhani umepotea pamoja na ngoma ya ngozi ungali upo. Umehama tu kutoka katika uchovu wa mpigaji na kuingia katika heshima ya mwenye kitufe. Na ikiwa twamwonea haya maiti, ambaye hasikii lolote, kiasi cha kuzima kila kitu kwa ajili yake, yatupasa tujiulize kwa nini ni vigumu kupunguza kidogo kwa ajili ya bibi aliye hai, mtoto aliye mgongoni, na binti abebaye sinia, ambao wote bado wanasikia.